Spika Ndefu na Chumba cha Kumi kwa Kumi

Waulize watu watatu wa Eldoret wenye spika za modeli moja, zile ndefu za kusimama sakafuni ambazo wauzaji huziita tolboi, wakwambie wanazionaje. Wa kwanza, mpangaji wa Langas, atasema zinavuma tu, besi imemeza kila kitu. Wa pili, mwenye nyumba kubwa ya vigae Elgon View, atalalamika kwamba besi haipo na maneno ya mtangazaji hayashikiki. Wa tatu, mzee wa Kimumu mwenye nyumba ya mbao ya zamani, ataapa kwamba hajapata kumiliki chombo kizuri kuliko hicho. Wote watatu ni wakweli. Nimeitwa katika nyumba za namna hii kwa miaka mingi, mkononi nina maikrofoni ya kupimia na tepu ya fundi, na nimejifunza kwamba mtu anapotoa maoni kuhusu spika zake, mara nyingi anakieleza chumba chake bila kujua.

Sisemi kwamba spika zote ni sawa. Zipo mbovu, na dalili zake nitazitaja. Lakini nimeona spika njema zikiuzwa kwa hasara, mwenyewe akiamini ametapeliwa, wakati kilichomwangusha ni mahali alipoziweka.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha maelezo ya spika yenye koili ndogo ya waya iliyoning'inizwa ndani ya uga wa sumaku, ikisukuma koni ya karatasi. Karne imepita na spika nyingi mno duniani bado zinafanya kazi vivyo hivyo. Umeme wa muziki unapita katika koili, koili inakwenda mbele na nyuma, koni inasukuma hewa, hewa inafika sikioni. Spika ndefu hubeba koni kadhaa: juu kuna tuita ya sauti nyembamba, chini yake koni ya sauti za watu, kisha moja au mbili kubwa za besi. Hiyo ya besi ndiyo wufa kwa maana yake ya asili, ingawa kwetu Kenya neno hilo limekuwa jina la mtambo mzima, kasha la besi pamoja na vijispika vyake.

Urefu wa sanduku si pambo. Mtengenezaji wa spika hutamani mambo matatu kwa pamoja: besi inayoshuka chini sana, sauti kubwa kwa umeme kidogo, na sanduku dogo. Maumbile yanampa mawili tu. Spika ndefu imekubali kuwa kubwa ili ipate hayo mengine. Sanduku la upana wa sentimita 20, kina cha sentimita 30 na kimo cha mita moja lina lita 60 kwa vipimo vya nje, karibu mara tatu ya spika ya mezani yenye uso wa upana huohuo, na bado linakalia sehemu ileile ya sakafu ambayo ingekaliwa na spika ya mezani juu ya stendi yake. Tena tuita inakuwa karibu na kimo cha sikio la mtu aliyeketi, na hilo ni jambo la maana, kwa sababu sauti nyembamba hutoka kama mwanga wa tochi: ukikaa pembeni yake, unaambulia mabaki.

Sasa chumba. Sauti nzito ina wimbi refu. Katika sebule zetu sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ya hezi 40 ina wimbi la zaidi ya mita nane na nusu. Wimbi hilo linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalolifuata. Pale upana wa chumba unapolingana na nusu ya wimbi, yanayokwenda na yanayorudi yanashikana, na noti hiyo moja inavimba kuliko wenzake wote. Chukua chumba cha kupanga tunachokijua sote, futi kumi kwa kumi. Futi kumi ni mita 3.05. Gawanya 343 kwa mara mbili ya hizo, unapata hezi 56. Noti ya A ya chini kwenye gitaa la besi ni hezi 55. Yaani mpiga besi wa benga akishuka kwenye noti hiyo, chumba kinaamka nayo, na yeye akishahamia noti nyingine chumba bado kinanguruma. Kwa kuwa pande zote mbili zina futi kumi, uvimbe unajirudia mara mbili mahali palepale. Fundi akiweka silingi kwenye futi kumi pia, ni mara tatu. Chumba chenye urefu, upana na kimo sawa ndicho kibaya kuliko vyote kwa besi, na ndicho wanachopewa wapangaji wengi.

Spika ndogo ya mezani haifiki huko chini kwa nguvu, ndiyo maana katika chumba hicho itasikika safi na yenye adabu. Spika ndefu inafika, inakigusa chumba pale penye ugonjwa wake, kisha inalaumiwa yenyewe. Ukihama ukaingia sebule ya futi kumi na mbili, uvimbe unateremka hadi hezi 47 hivi. Ukipata sebule ya futi kumi na mbili kwa kumi na saba, uvimbe wa upana na wa urefu unaachana, kila mmoja unakaa kwenye noti yake, na sikio linavumilia. Ukitafuta nyumba, na muziki ni kitu unachokipenda kweli, ukimbie mraba.

Juu ya hilo tunaongeza makosa yetu wenyewe. Kila uso mgumu ulio karibu na spika, iwe sakafu, ukuta wa nyuma au wa kando, unaweza kuipandisha besi hadi desibeli 6. Spika ndefu tayari imekaa sakafuni. Ukiibana kwenye pembe, kati ya kabati la televisheni na ukuta, umeipa nyuso tatu za kuisukuma. Nimeingia sebule ambapo tundu la hewa la nyuma ya spika limegusana na pazia, pazia likipepea kila ngoma inapopigwa, na mwenye nyumba anauliza kama abadilishe ampi.

Kisha yapo makochi. Sebule ya Kenya hupangwa kwa ajili ya wageni: makochi yanazunguka kuta zote ili kila mtu aonane na mwenzake. Ni desturi njema na sitamwomba mtu yeyote aivunje. Lakini ukutani ndipo shinikizo la wimbi la besi linapofika kilele. Anayeketi na kisogo kikiegemea ukuta anapokea uvimbe wote, na anayesimama katikati ya chumba anakuta noti ileile karibu imepotea. Kwenye nyumba moja ya Kapsoya nilicheza wimbo mmoja, nikamwomba mama mwenye nyumba atoke kochini asogee hatua tatu.

"Fundi, umepunguza besi?"

"Hapana, mama. Ni wewe umesogea."

Alirudi kochini, akasimama tena, akarudi tena. Tulilivuta kochi lile moja futi mbili kutoka ukutani, tukazileta spika mbele futi moja na nusu, tukazigeuza kidogo zitazame mahali anapoketi. Hakununua kitu. Ipo njia nyingine ya kutafuta mahali, inachekesha watoto lakini haidanganyi: iweke spika moja pale unapoketi wewe, cheza wimbo wenye besi inayopandashuka, kisha utambae kwa magoti kandokando ya kuta ukisikiliza. Pale ambapo noti zote zinasikika kwa usawa ndipo spika itakapokaa.

Yule mzee wa Kimumu mwenye nyumba ya mbao amebahatika bila kupanga. Kuta za mbao na silingi ya bodi laini hutikisika kidogo besi inapofika, na katika kutikisika huko nguvu ya sauti inakwisha au inapita nje. Kuta za mawe na silabu ya zege hurudisha karibu yote ndani. Kwa hiyo nyumba ambayo watoto wake wanamhimiza aibomoe ajenge ya kisasa ina besi bora kuliko ghorofa nyingi zinazochipuka tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024. Mvua ikipiga mabati hatasikia chochote, na hilo halina dawa.

Tatizo la Elgon View ni la upande mwingine. Mwaka 1895 chuo kikuu cha Harvard kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kuchunguza kwa nini katika ukumbi mpya wa mihadhara wa jumba la Fogg maneno hayakueleweka. Sabine alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akafanya kazi usiku kukiwa kimya, akipima sauti inachukua muda gani kufa kila anapoongeza mito. Hesabu aliyoipata bado inatumika: ukubwa wa chumba dhidi ya vitu laini vilivyomo. Sebule yenye vigae, vioo kuanzia chini hadi juu, silingi ya jipsamu na makochi ya ngozi ni ukumbi wa Sabine kabla ya mito. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka kama waya ulioguswa, ndio huohuo unaoyala maneno ya mtangazaji. Dawa ni zulia nene mbele ya spika, pazia nzito, makochi ya kitambaa, rafu ya vitabu. Vitu hivyo havitaponya uvimbe wa besi, maana wimbi la mita sita halijui zulia. Vinaponya mwangwi wa sauti za kati na nyembamba, ambazo ndizo zinazobeba maneno. Na besi anayoikosa mwenye nyumba hiyo imetawanyika: sebule imeungana na mahali pa kulia, jikoni na ngazi, na spika mbili zinajaribu kujaza nyumba nzima.

"Lakini dukani zilikuwa nzuri." Hili nalisikia karibu kila wiki. Duka la mjini lina mlango mpana ulio wazi kwa barabara, kwa hiyo besi inatoka nje badala ya kuvimba ndani. Tena muuzaji anafungua sauti, na sikio la binadamu huchukulia kinachosikika kwa nguvu zaidi kuwa ndicho bora. Macho nayo yana kura yao. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wasikilizaji spika zilezile mara mbili, mara moja zikiwa nyuma ya pazia na mara nyingine zikionekana. Zilipoonekana, alama zilibadilika: za kubwa na za kifahari zilipanda, na mtambo mdogo wa plastiki ukashuka. Hao hawakuwa watu wa kawaida tu, walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza spika. Nawaheshimu wanaonieleza walivyozipenda spika zao, ila wakati wa kununua nakwambia ufumbe macho, umwombe muuzaji alinganishe sauti za seti mbili kwa nguvu sawa, na uende na wimbo unaoujua kwa moyo. Sauti ya mtu anayezungumza ndiyo mtihani mkali kuliko wote. Tunazisikia sauti za watu tangu kuzaliwa, sikio halikubali kudanganywa hapo.

Wapo wanaosema spika zao zilianza vibaya zikazoea baada ya mwezi. Kingo za koni hulegea kidogo mwanzoni, ni kweli, lakini ni jambo la saa chache na tofauti yake ni ndogo. Kilichozoea ni sikio.

Malalamiko ya kukosa nguvu yanahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu hapo kuna udanganyifu wa wazi. Kwenye katoni utasoma PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa, wati 10,000. Plagi yetu ina fyuzi ya ampea 13, umeme wetu ni volti 240. Zidisha, unapata wati 3,120, ambazo ndizo zote zinazoweza kupita hapo kwa utulivu. Geuza mtambo, soma kibandiko cha nyuma kinachoeleza unakula wati ngapi. Nikikuta 60, najua hakuna muujiza utakaozizidisha. Kwa spika zisizo na ampi ndani yake, tazama namba mbili tu: inatoa desibeli ngapi kwa wati moja kwa umbali wa mita moja, na ni omu ngapi. Spika ya desibeli 91 ikipewa wati 50 italia sawa na ya desibeli 88 iliyopewa wati 100, kwa kuwa kila desibeli 3 zinahitaji umeme mara mbili. Omu nazo usizichezee: ukifunga spika nne za omu 8 sambamba kwenye tundu moja la ampi, umebaki na omu 2, na ampi nyingi za nyumbani zitaungua.

Kuna jambo moja la Eldoret ambalo sijamwona muuzaji akilitaja. Tuko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Hewa nyepesi ambayo wanariadha wetu wanakimbia ndani yake Kaptagat na Iten ndiyo hewa ambayo koni inapaswa kuisukuma, na uzito wake hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Koni ikienda mwendo uleule, sauti inayotoka hapa inapungua kwa desibeli 2 hivi. Ni kidogo, lakini kuifidia unahitaji umeme zaidi kwa nusu: kazi inayofanywa na wati 100 Mombasa inadai wati 150 na ushei Eldoret. Ndugu wa Pwani akikusifia ampi yake ndogo, kumbuka hilo kabla hujaagiza kama yake.

Na kabla ya kusema spika haina besi, angalia nyaya. Nyekundu iende nyekundu, nyeusi iende nyeusi, pande zote mbili. Ukizigeuza upande mmoja, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inafutika hewani. Katika kila kosa ninaloitiwa hili ndilo jepesi kuliko yote, na limewauzisha watu spika. Tumia waya wa milimita za mraba 1.5, huo wa taa za nyumba. Ule mwembamba kama uzi unaokuja ndani ya katoni unapoteza nguvu njiani.

Maoni ninayoyathamini zaidi ni ya mtu aliyekaa na spika miaka mitano. Huyo anajua mambo ambayo karatasi ya mtengenezaji haiyasemi. Sisi tunapiga deki kila asubuhi, na sanduku la chipibodi lililokaa sakafuni hunywa maji kidogo kidogo hadi kingo zake za chini zivimbe na kuchanua. Liinue kwa vipande vya mbao au miguu ya raba, sentimita tatu zinatosha. Panya huingia kwa tundu la hewa na kutengeneza makazi katika pamba ya ndani. Kipande cha wavu wa waya kinawazuia. Kidole cha mtoto kikibonyeza tuita, kimeibonyeza, kwa hiyo usinunue spika isiyo na kizuizi mbele ya tuita ikiwa nyumbani kuna anayejifunza kutembea. Kwa spika za mtumba kutoka Uingereza, Wharfedale, Mission, KEF na wenzao, ambazo mara nyingi zina masanduku bora kuliko mapya ya bei hiyohiyo, kagua pete inayozunguka koni. Ya raba hudumu. Ya sponji huoza baada ya miaka kumi hadi ishirini, ukiigusa inabaki unga kidoleni. Pete hubadilishwa na fundi mwangalifu, ila bei ishuke. Gonga sanduku kwa konzi: likilia kama debe, ubao ni mwembamba, na sauti hiyo ya debe utaisikia katika kila wimbo.

Maoni ya jirani pia ni maoni. Ukuta wa mawe unaizuia sauti ya mwimbaji, lakini sehemu ndogo ya besi inapenya, kwa hiyo wewe unasikia wimbo na yeye anasikia ngumi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha desibeli 35 kwa maeneo ya makazi usiku, na usiku wenyewe unaanza saa mbili jioni. Spika ndefu katika ploti ya vyumba vilivyobanana itaivunja kanuni hiyo bila kujitahidi.

Kwa hiyo anayeniuliza kama anunue, namjibu kwa chumba chake. Kumi kwa kumi, usinunue. Chukua spika ndogo nzuri, uziweke kwenye stendi, fedha itakayobaki weka kwenye ampi. Sebule ya mstatili kuanzia futi kumi na mbili kwa kumi na tano, yenye nafasi ya kuzitenga na ukuta, nunua bila hofu, na ukipata za mtumba zilizotunzwa, afadhali zaidi. Na wewe ambaye tayari umezichoka zako, usizitangaze sokoni bado. Zisogeze futi moja na nusu kutoka ukutani, kagua nyaya, ondoa kochi lako ukutani, ukae nazo wiki moja.